Beki kahama timu tisa, kwani ana kasoro gani? Tuelewane kuhusu mkataba, mkopo na kuuzwa

Kila dirisha la usajili likifunguliwa maneno barazani ni yale yale. Juzi tumekaa jioni, kahawa inazunguka, kijana mmoja kashika simu anasoma historia ya beki mmoja wa nje ambae kasajiliwa na timu nyengine tena, anataja timu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akafika ya tisa. Mzee mmoja akamkata, "Huyo basi tena, kila anapokwenda wanamfukuza." Mwengine akasema hafukuzwi, huyo kauzwa mara tisa, pesa zake hazihesabiki. Wa tatu akasema huyo ni mvunja mikataba, hana mapenzi na timu yoyote. Ikawa kelele mpaka magharibi na hakuna alietoka pale kaelewa kitu.

Nikarudi nyumbani nikafikiri, wote watatu wamekosea, lakini si kosa lao, mana hakuna mtu alieketi akawaeleza haya mambo kwa lugha ya kawaida. Kwenye taarifa za michezo tunasikia tu "mchezaji huru", "kwa mkopo", "dau la usajili", "kuvunja mkataba", yote yanatupwa kwa pamoja kama urojo. Kwaiyo leo nataka tuyachambue moja moja, na tumtumie huyu huyu beki anaehamahama, kwa sababu ukiielewa kazi yake yeye umeelewa soka zima la kulipwa linavokwenda.

Kwanza jina. Waingereza mchezaji wa namna hii wanamwita "journeyman". Watu wengi wanadhani neno hilo limetokana na safari, kwa vile linafanana na neno lao la safari, lakini asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya siku. Zamani Ulaya fundi akimaliza kufundishwa kazi, kabla hajawa na karakana yake mwenyewe, alikuwa anafanya kazi kwa mafundi wengine na analipwa ujira wa siku. Yani fundi wa kutwa. Anaijua kazi vizuri, mikono yake inaaminika, ila hana duka lenye jina lake mlangoni. Leo anajenga Fuoni, kesho anaitwa Mwanakwerekwe, keshokutwa yuko Nungwi. Hebu niambie, fundi wa kutwa anaeitwa kila mahala ni fundi mbovu? Fundi mbovu haitwi mara ya pili wallahi.

Mimi mwenyewe napenda zaidi mfano wa kwetu, namwita beki wa dago. Wenzetu wa Pemba wanajua nnachosema. Mvuvi wa dago hakai bandari moja mwaka mzima, upepo ukigeuka kutoka kaskazi kwenda kusi nae anafuata samaki, anaweka kambi mwambao wa Tanga au hata upande wa Kenya, anavua miezi kadhaa, msimu ukiisha anafunga vyombo anarudi au anasogea mbele. Hakuna mtu Micheweni wala Wete anaemcheka mvuvi wa dago kwamba hana kwao. Anajulikana kwao ni wapi. Kaenda kutafuta riziki kwa sababu riziki yenyewe inahama.

Sasa tuje kwenye mkataba, mana hapa ndipo mkanganyiko wote unapoanzia.

Chukua shamba la mikarafuu. Mwenye shamba anakukodisha mikarafuu yake msimu mmoja au miwili, mmeandikiana, pesa imelipwa. Ndani ya muda huo mavuno ni yako, hata mwenye shamba mwenyewe hawezi kuja kuchuma. Muda ukiisha hudai kitu, hudaiwi kitu, mnaagana. Mkataba wa mchezaji ni hivo hivo, timu haimmiliki mtu, imekodi huduma yake kwa muda. Tafauti moja kubwa tu, na naomba tuishike mana watu wanaisahau sana, mkarafuu hausemi, mchezaji anasema. Hakuna uhamisho wowote unaofanyika bila ya yeye mwenyewe kukubali na kutia saini.

Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa kulipwa angalau ufike mwisho wa msimu na usizidi miaka 5, na kama kijana hajafika miaka 18 basi usizidi miaka 3. Mabeki wa kawaida, wale ambao si nyota, mara nyingi wanapewa mwaka mmoja au miwili. Hapo tu fanya hesabu mwenyewe. Mtu kaanza kulipwa na miaka 19, kacheza mpaka 36, ni miaka 17. Ukigawa kwa mikataba ya miaka miwili miwili unapata timu nane au tisa, na hajafukuzwa hata mahala pamoja, hajavunja mkataba hata mmoja. Ni mikataba imeisha tu. Yule mzee wa barazani angefanya hesabu hii asingesema alichosema.

Kwaiyo kuna milango minne ya kutokea kwenye timu, na ukisoma orodha ya timu za mchezaji kitu cha kuuliza ni katoka kwa mlango gani. Idadi peke yake haikwambii kitu.

Mlango wa kwanza ndio huo, mkataba umeisha. Huyu ndie mchezaji huru, anakwenda anakotaka na timu yake ya zamani haipati pesa ya kumuuza. Tena miezi 6 ya mwisho ya mkataba anaruhusiwa kabisa kuzungumza na kusaini na timu nyengine kwa ajili ya baadae, sio usaliti, ni kanuni. Hili halikuwa hivi siku zote. Kulikuwa na Mbelgiji mmoja Jean-Marc Bosman, alikuwa anachezea RFC Liège, mkataba wake ukaisha mwaka 1990 akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Timu yake ikagoma, ikataka pesa kwanza, mana siku zile hata mkataba ukiisha timu ya zamani ilikuwa na haki ya kudai dau. Yani ni sawa na msimu wa kukodi umeisha halafu bado umeshikilia mikarafuu ya watu. Akenda mahkamani, kesi ikachukua miaka, na tarehe 15 Disemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya akimaliza mkataba ni huru. Yeye mwenyewe maisha yake ya mpira yalikuwa yameshaharibika wakati huo, lakini kila unapomsikia mtu kasajiliwa bure, mzizi wake uko pale.

Mlango wa pili ni kuuzwa. Hapa mkataba bado upo, timu nyengine inamtaka sasa hivi, basi inailipa timu yake ili iuachie muda uliobaki. Rudi kwenye karafuu, umekodi misimu mitatu, msimu wa kwanza tu anakuja mtu anaitaka mikarafuu ile ile, atakufidia misimu miwili iliobaki sio? Ndio dau la usajili. Na dau hilo linakwenda kwa TIMU. Sio kwa mchezaji. Mchezaji anapata mshahara wake mpya na pesa ya kusaini walioelewana, basi. Kwaiyo ukisikia Manchester United walitoa pauni milioni 80 mwaka 2019 kumchukua Harry Maguire, zile pesa zilikwenda Leicester City, hakupewa Maguire kwenye mfuko. Na beki wa dago mara nyingi hajauzwa hata mara moja maishani mwake, kahama huru kila mara. Yule bwana aliesema kauzwa mara tisa na pesa hazihesabiki, pengine beki mwenyewe anapanga nyumba kama sisi.

Wa tatu ni mkopo, na hapa ndipo roho zinapotuuma zaidi tukisikia mtu wetu katolewa kwa mkopo, tunaona katupwa. Mkopo mana yake mkataba wake na timu mama unabaki pale pale, anakwenda kucheza kwengine kwa muda halafu anarudi. Wakati mwengine mshahara analipa aliemkopa, wakati mwengine wanagawana. Kijana anapelekwa ili acheze, mana beki haivi kwa kukaa benchi, anaiva kwa kukosea mechi ya kweli mbele ya watu. Kanuni za sasa za FIFA, zilizoanza Julai 2022 kwa uhamisho wa kimataifa, zinasema mkopo usizidi mwaka mmoja kwa kila makubaliano, na aliekopa hawezi kumkopesha tena mtu wa tatu. Walifanya hivo kwa sababu kulikuwa na timu kubwa zinakusanya vijana kwa makumi na kuwasambaza kila upande, kijana anamaliza miaka mitano hajui hata chumba cha kubadilishia nguo cha timu yake.

Mlango wa nne ni kuvunja mkataba. Huu ndio wenye kelele, na hapa Zanzibar tunaujua kwa jina la mtu wetu. Feisal Salum, Fei Toto, sio beki ni kiungo, lakini kisa chake ndicho kilichofanya Watanzania wote wawe mawakili kwa miezi sita. Disemba 2022 akatangaza kaachana na Yanga huku mkataba haujaisha, akitaka kuulipia na kuondoka. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Ikavutana mpaka Rais Samia nae akaligusia, na Juni 2023 Yanga na Azam wakamalizana, akahamia Azam. Ukiangalia vizuri, mwisho wa yote alitoka kwa mlango wa pili, timu mbili zilikubaliana. Mlango wa nne upande mmoja peke yake ni mgumu kuufungua, na uliwekwa mgumu makusudi, kwa sababu ukiwa mwepesi basi hakuna mkataba wenye mana, si kwa timu wala kwa mchezaji.

Ila kuna hali ambayo kanuni iko upande wa mchezaji moja kwa moja, na nataka kila kijana anaecheza mpira aijue. Kama timu haijakulipa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia barua, unaipa siku 15 ilipe chote, ikishindwa una sababu ya haki ya kuondoka na bado unaidai. Imo kwenye kanuni za FIFA tangu 2018. Mabeki wengi wa dago, khasa waliokwenda nchi ambazo ligi zake pesa ni za kusuasua, wamehama kwa sababu hii na sisi huku tunasema hawatulii. Mtu hajalipwa miezi mitatu minne, ana mke na watoto, atatulia vipi?

Sasa tumchukue mtu wa kweli tumsome kwa milango hii. Steven Caulker, beki wa kati, Muingereza mwenye asili ya Sierra Leone. Alikuwa kijana wa Tottenham, wakamtoa mkopo Yeovil, halafu Bristol City, halafu Swansea, mikopo mitatu mfululizo. Barazani tungesema katupwa mara tatu. Lakini tizama ngazi, kila mkopo ulikuwa ligi ya juu zaidi kuliko uliopita, mpaka Swansea ikawa Ligi Kuu yenyewe. Ile ilikuwa skuli, darasa kwa darasa. Novemba 2012 akaitwa timu ya taifa ya Uingereza kucheza na Sweden, akafunga goli. Mwaka 2013 Cardiff wakamnunua, 2014 QPR wakamnunua, hapo ni mlango wa pili mara mbili. Halafu ikaja mikopo mengine, Southampton, kisha Januari 2016 Liverpool.

Hii ya Liverpool inanifurahisha mno. Mabeki wa Liverpool walikuwa wameumia, kocha wao Klopp akahitaji beki wa kati kwa dharura, akamchukua Caulker. Siku moja tu baadae wanacheza na Arsenal, wanafungwa 3-2 dakika za mwisho, Klopp akamuingiza Caulker, sio nyuma, akamwambia nenda mbele kule ukasimame na washambuliaji, ana urefu na kichwa. Na goli la kusawazisha likapatikana, 3-3, kafunga Joe Allen. Yani timu kubwa duniani imemkopa beki, ikamgeuza mshambuliaji usiku mmoja, na kazi ikafanyika. Huyo ndie fundi wa kutwa, anaitwa kuna jambo limeharibika, anafika na vifaa vyake hata kama kazi aliopewa sio ile alioitiwa.

Baadae akenda Dundee ya Scotland, akenda Uturuki, Alanyaspor, Fenerbahçe, Gaziantep. Na kwa kuwa FIFA ililegeza kanuni mwaka 2020 kuhusu wachezaji waliocheza mechi chache za taifa moja, akaruhusiwa kuchezea Sierra Leone, nchi ya asili yake, akawemo kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ile iliochezwa Cameroon Januari 2022. Ukihesabu timu tu unaona mtu aliepotea njia. Ukisoma milango unaona mikopo ya kukuzwa, kuuzwa mara mbili, mikopo ya dharura, halafu mikataba mifupi mifupi ya ukubwani. Ni maisha kamili ya kazi.

Na kwa nini mabeki khasa? Mshambuliaji ana magoli, akifunga 15 ulimwengu mzima unaziona, dau linapanda. Beki kazi yake ikiwa nzuri kitu hakitokei. Mpira haukufika, goli halikuingia, wewe unaeangalia hukuona kitu. Hakuna anaetoka uwanjani akasema leo namba nne kazuia mabao mawili kwa kusimama sehemu sahihi. Kwaiyo beki mzuri wa kawaida thamani yake ni ndogo sokoni kuliko thamani yake uwanjani, na hapo hapo mahitaji yake ni ya kila siku, mana mabeki wanaumia, wanakula kadi, na kocha anaogopa kumtia mtoto wa miaka 18 katikati ya ulinzi kwenye mechi ya kushuka daraja. Anataka mtu alieona mambo. Mtu wa miaka 31, anaejua kuongea na mwenzake, anaejua lini asogee na lini abaki. Na kinyume na tunavosema kwamba miaka 30 basi, beki wa kati anaweza akaenda mpaka 35 na zaidi, kwa sababu mbio zikipungua macho yanakuwa yameshajua njia.

Jengine ni kwamba ulinzi ni ndoa. Beki anategemea aliesimama nae. Akibadilishwa mwenzake, au kocha akaja na mfumo wa mabeki watatu badala ya wanne, mtu yule yule alieonekana mwamba msimu uliopita anaonekana hovyo msimu huu. Hajabadilika, nyumba imebadilika. Anahama akatafute nyumba inayomfaa, na akiipata mnaona kafufuka mnashangaa.

Turudi kwetu. Tunao waliotia nanga, na tunao wa dago, na wote ni wetu. Nadir Haroub Cannavaro alitoka hapa akenda Yanga akakaa zaidi ya miaka kumi, akawa kepteni, jina lake na jezi ile vikawa kitu kimoja. Sasa hivi yuko Ibrahim Bacca, aliechukuliwa na Yanga kutoka KMKM Januari 2022, nae katulia pale pale. Halafu yuko Abdallah Shaibu, Ninja, beki wa kati, kijana wa Taifa ya Jang'ombe. Yanga 2017. Mwaka 2019 akenda Vyškov ya Jamhuri ya Czech, na wale wa Vyškov wakamtoa mkopo Marekani, LA Galaxy II. Mwaka 2020 akarudi Yanga. Ndani ya miaka mitatu mtoto wa Jang'ombe kafanya kazi mabara matatu. Nilikuwa nasikia watu wanasema "kaenda karudi, kashindwa". Kashindwa nini jamani? Alietoka Jang'ombe akaingia kwenye mkataba wa Ulaya na akapelekwa mkopo Marekani, kishapita kwenye milango ambayo wengi wetu hatujui hata ipo wapi.

Na kuna jambo la hapa hapa ambalo wenzetu wa bara mara nyengine hawalielewi. Timu zetu nyingi za juu ni za vikosi vya serikali, KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, Polisi, Uhamiaji. Wachezaji wengi wa timu hizi ni waajiriwa wa vikosi vyenyewe. Kwaiyo beki wa miaka 24 akipata ofa ya mwaka mmoja kutoka timu ya kati ya Ligi Kuu bara, anachopima sio mpira tu. Upande mmoja mshahara mkubwa zaidi kwa miezi kumi na mbili, upande wa pili ajira ya kudumu, mama yake yuko karibu, na akiumia goti bado ana kazi. Wapo waliobaki wakasemwa hawana ndoto, wapo walioondoka wakasemwa wana tamaa. Mimi nimewaona wa namna zote mbili mtaani kwetu na nasema kwa dhati, hakuna hata mmoja aliefanya uamuzi ule kwa wepesi, ni mambo ya kukaa na wazee mpaka usiku wa manane.

Pia ndio mana Kombe la Mapinduzi lina uzito kwa mabeki wetu kuliko tunavofikiri. Linachezwa Januari, na Januari ndio dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu. Timu za bara zinavuka na boti, zinacheza na zetu, na makocha wao wanaona kwa macho yao beki gani kawafungia njia washambuliaji wao. Mlandege walipowafunga Simba 1-0 kwenye fainali ya 2024 pale Amaan, hakuna alietoka uwanjani bila ya kuuliza majina ya wale mabeki.

Kitu chengine kinachochanganya watu ni kusikia mchezaji kasajiliwa halafu hachezi. FIFA inaruhusu mchezaji asajiliwe na timu zisizozidi tatu ndani ya msimu mmoja, lakini mechi rasmi acheze kwa timu mbili tu. Kwaiyo beki alieanza msimu timu moja, akahamia ya pili akacheza, hata ya tatu ikimsaini itabidi asubiri. Sio kwamba kocha hampendi. Na ikiwa katoka nchi nyengine kuna hati ya uhamisho wa kimataifa, ITC, lazima itoke shirikisho la kule ije la huku, bila ya hiyo anafanya mazoezi tu hata kama picha ya jezi imeshapigwa.

Nimebakisha jambo moja, na kwangu mimi ndilo lenye uchungu zaidi, pesa zinazorudi mtaani. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya dau inakatwa na kugawiwa timu zote zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 mpaka wa miaka 23. Misimu minne ya mwanzo, 12 mpaka 15, kila msimu una robo ya asilimia moja, na kuanzia 16 kila msimu nusu asilimia. Tuseme beki wetu kauzwa nje kwa milioni 200 za kwetu. Timu ya mtaani iliokuwa nae misimu yote ile minne inastahili milioni 2. Ni mipira, ni jezi, ni nauli ya boti ya kwenda Pemba kucheza na kurudi. Na haiishi pale, akiuzwa tena nchi nyengine inakatwa tena. Beki wa dago akiwa kauzwa mara tatu nje, timu yake ya utotoni inastahili mara tatu. Akihama huru hakuna dau, kwaiyo hakuna asilimia 5 ya kugawa, hapo tusidai kisichokuwepo.

Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalum Paris ya kupitisha malipo haya, na inatengeneza pasi ya kielektroniki inayoonesha mchezaji alisajiliwa wapi mwaka gani. Inaangalia usajili uliomo kwenye mfumo. Haimuulizi kocha wa mtaani anakumbuka nini. Na Zanzibar sio mwanachama wa FIFA, mwaka 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupa uanachama kamili Machi wakautoa Julai, kwaiyo mbele ya FIFA karatasi za Tanzania ni za TFF, na hilo linatutaka sisi tuwe makini mara mbili. Namjua kocha mmoja aliewalea vijana kwa pesa ya mfukoni miaka na miaka, ana majina yote kwenye daftari la mazoezi, lakini daftari halisomeki Paris.

Kama una timu ya Juvenile, yani ya watoto, sajili vijana wako ZFF, shirikisho letu la soka Zanzibar, kila msimu, jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe alioanza, tarehe alioondoka, na kapewa nani. Kama wewe ni mzazi, weka nakala nyumbani. Mtoto wa miaka 12 anaecheza namba nne leo jioni kiwanja cha Mao, mwaka wake wa kwanza umeshaanza kuhesabiwa.